Babu Alikuwa Juu

Karakana yangu iko uani, hapa Songea, na ndani yake nina stendi mbili za kushikilia mbao ndefu zinapotoka kwenye mashine. Nguzo ya ndani ina matundu: unaipandisha, unachomeka kipande cha nondo, basi. Babu angecheka. Yeye alikuwa mpasuaji wa mbao. Gogo la mninga lilipandishwa kichanjani, mmoja akasimama juu, mwenzake chini, msumeno ukipanda na kushuka kati yao. Mstari waliupiga kwa uzi uliopakwa unga wa betri kuukuu. Wa chini ndiye aliyekula vumbi, macho mekundu mpaka jioni. Babu alishikilia kwamba wa juu ndiye anayechoka zaidi. Yeye alikuwa juu.

Hiyo ilikuwa kazi ya kupasua; useremala wa benchi na randa huku kwetu una deni kwa Peramiho, misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa 1898. Ilichomwa moto 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, ikajengwa upya, na karakana zake zikafunza vijana wengi ufundi.

Nikirudi kwenye stendi, ya kwanza niliichagua kwa bei. Ilikuwa na miguu mitatu myembamba. Ubao wa mkongo wa futi 12 uliiangusha siku ileile, na kidole changu cha mguu kikashuhudia. Siku hizi natazama miguu kwanza, halafu rola ambayo ubao hupita juu yake: isipokaa mraba, inauvuta ubao pembeni. Rola hiyo naiweka chini kidogo ya usawa wa meza ya mashine, kwa unene wa sarafu, maana ncha ya ubao mrefu huinama ikitoka.