Springi Saidizi

"Niongezee springi." Dereva wa pikapu anayesomba viazi Njombe humwambia fundi hivyo tu. Fundi hulala uvunguni, akafungua yu-bolti, akachomeka jani moja au mawili na kukaza. Gari likinyanyuka nyuma, hela hulipwa. Shida ni kwamba kauli hiyo ina kazi mbili ndani yake, na hazifanani.

Springi za nyuma za Toyota Hilux ni vyuma bapa, yaani majani, vya urefu tofauti vilivyolaliana, vikashikwa katikati kwa bolti na kufungwa kwenye ekseli. Kamusi zina neno la zamani la springi, kamani, lenye asili ya kaman ya Kiajemi, yaani upinde. Linafaa kabisa, maana jani kuu likilazwa sakafuni ni upinde mtupu. Ila leo ukiomba kamani dukani utaangaliwa usoni tu.

Kazi ya kwanza ni kuongeza jani refu lenye mkunjo kama wa mengine. Hilo hufanya kazi saa zote. Ugumu wa jani hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene wake: la milimita 10 ni gumu karibu mara mbili ya la milimita 8 lenye urefu na upana uleule. Ndiyo maana pikapu iliyojazwa majani, ikirudi tupu, hurukaruka kwenye barabara ya vumbi na tairi za nyuma hupoteza mshiko kwenye kona.

Ya pili ni springi saidizi: jani nene, karibu lisilo na mkunjo, linalokaa bila kazi hadi mzigo uyakandamize mengine yaliguse. Jina "springi ya nyongeza" halitoshi, kwa kuwa hata jani la kawaida huongezwa. Hili husaidia likihitajika.

Kuna jambo ambalo gereji nyingi hulipita. Hilux nyingi zina vali ya breki iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Bodi ikishuka, vali hujua kuna mzigo na kuruhusu presha zaidi kwenye breki za nyuma. Bodi ikiinuliwa kwa springi bila fimbo kurekebishwa, tani nzima ya viazi ipo lakini vali inasoma gari tupu, na breki za mbele ndizo zinazoumia. Anayeshuka Kitonga kuelekea Morogoro hapaswi kuligundua hilo katikati ya mteremko.

Halafu kuna hesabu. Hilux hubeba takriban tani moja, dereva na tingo wakiwemo. Magunia 10 ya kilo 100 yameshaimaliza nafasi hiyo, na hayo ni magunia halali. Likija lumbesa, lile ambalo Wakala wa Vipimo hulipigia kelele kila msimu, lenye kichwa cha viazi kilichoshonewa kamba juu ya mdomo, hakuna ajuaye limebeba kilo ngapi. Springi saidizi itainyoosha bodi hata hivyo. Beringi, tairi, ekseli na chesisi zitabaki na kikomo kilekile cha kiwandani, na gari litaonekana halijazidiwa.

Jani likivunjika, lisichomelewe. Moto huharibu ugumu wa chuma cha springi, nalo hukatika tena kando ya mshono. Apewe mhunzi, yeye atalifua panga.