Sataranji ya Kompyuta: Kasi ya Mashine na Kina cha Utafutaji

Kasi ya mashine huiwezesha programu ya sataranji kutazama mbele zaidi, ila faida yake ni ghali. Kila zamu huwa na miendo kama 35; hata mbinu ya alfa-beta ikikata vizuri matawi yasiyofaa, zamu moja ya ziada hudai kasi ya takriban mara 6. Atakayepinga atataja Deep Blue, kompyuta iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997 ikipima hali milioni 200 za ubao kwa sekunde. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi: mwaka 2009 programu ya Pocket Fritz 4, ndani ya simu, ilipima hali zisizofika 20,000 kwa sekunde, ikatwaa ushindi katika mashindano ya Buenos Aires kwa pointi 9.5 kati ya 10. Uamuzi bora wa kipi kipimwe ulifidia kasi. Leo simu ya kawaida mkononi mwa kijana wa Matisi, Kitale, ikiwa na Stockfish, programu ya bure, inamzidi bingwa yeyote wa dunia.