Neno la Wiki: Pentekoste
Pentekoste ni jina la siku, ingawa mitaani limegeuzwa jina la dhehebu. Asili yake ni Kigiriki: "ya hamsini". Kwa agizo la Walawi 23, Wayahudi walihesabu majuma saba tangu siku ya mganda wa kutikiswa. Siku ya 50 wakatoa mikate miwili ya unga mpya, tena iliyotiwa chachu. Ndiyo Sikukuu ya Majuma, na ndiyo iliyowajaza wageni Yerusalemu Roho Mtakatifu aliposhuka (Matendo 2). Wakristo huihesabu kuanzia Jumapili ya Pasaka. Ama mkondo wa Kikristo uliovuma kutoka Azusa Street, Los Angeles, mwaka 1906 ni Upentekoste. Mfuasi wake, Mpentekoste. "Anasali Pentekoste" ni mazoea tu, maana Wakatoliki na Walutheri nao huiadhimisha kila mwaka.