Halim El-Dabh: Mwalimu Aliyesikiliza Sauti Nyuma ya Maneno

Vitabu vingi vya historia ya muziki husema kwamba muziki unaotungwa kwa sauti zilizorekodiwa na kugeuzwa kwa mitambo ulianzia Paris mwaka 1948, kwa kazi za Pierre Schaeffer. Tunapenda kuwakumbusha wasomaji wetu kwamba miaka minne kabla ya hapo kazi ya namna hiyo ilikwisha kufanyika Afrika, katika jiji la Cairo.

Halim El-Dabh alizaliwa Cairo mwaka 1921, na chuo kikuu alisomea kilimo. Mwaka 1944 aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio, akaenda kurekodi zar, ngoma ya wanawake ya kutuliza pepo. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wangeiita kupunga pepo. Studioni alipunguza sauti za msingi, akabakiza zile nyembamba za juu na kuongeza mwangwi. Maneno ya waimbaji yakatoweka, ukabaki mvumo wa sauti zao. Mwaka huohuo kazi hiyo ilisikilizwa katika maonyesho ya sanaa mjini Cairo.

Mwaka 1950 alikwenda Marekani, ambako alitunga muziki wa *Clytemnestra* (1958), dansi ya Martha Graham. Kisha akawa mwalimu. Akiwa mhadhiri Addis Ababa aliunda Orchestra Ethiopia mwaka 1963, akiwakusanya jukwaani wapigaji wa krar, masenqo na washint kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Howard, na kuanzia 1969 Kent State, hadi alipostaafu mwaka 1991. Alifariki mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 96.

Sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tunajifunza nini hapa? Kwanza, tunapokusanya nyimbo na ngano huandika maneno tu, tukaacha kiimbo, pumzi na vigelegele, ilhali navyo hubeba maana. Pili, kipande cha kazi ile ya 1944, cha dakika kama mbili tu, kilitolewa katika CD mwaka 2000. Kwa zaidi ya nusu karne wasomi wengi hawakuwa na cha kusikiliza, na sifa ya kutangulia ikaenda kwingine.

Kwa hiyo, kanda zilizomo katika makabati yetu tuziandike mahali, tarehe na jina la msimulizi, kisha tuzinakili mapema. Mali bila daftari hupotea bila habari.