Filimbi na Kipaza Sauti: Hukumu Mbili za Gelsenkirchen, 1974

Utangulizi

Wapenzi wa kandanda wa Kalemie, kama wenzao wa Lubumbashi na Kigoma, hawamalizi mchezo pale mwamuzi apulizapo filimbi ya mwisho. Hapo huanza mchezo wa pili, ule wa maneno: je, bao lilikuwa halali? Je, mshambuliaji alikuwa ameotea? Na yule mtangazaji, alisema alichokiona ama aliona alichotaka kusema? Ni rahisi kwa msomi kuyadharau mabishano haya na kuyaita porojo za barazani. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja wa historia, kwamba ndani yake mna swali zito: hukumu iliyokosewa husahihishwa na nani? Mfano wetu ni wa Chui, yaani timu ya taifa ya Zaire, katika Kombe la Dunia la mwaka 1974.

Hukumu ya filimbi

Mwezi Machi 1974, nchini Misri, Zaire ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Fainali dhidi ya Zambia ilikwisha kwa sare ya 2-2, ikarudiwa, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika michezo hiyo miwili yalifungwa na Ndaye Mulamba, ambaye alimaliza mashindano akiwa na mabao 9. Idadi hiyo haijafikiwa na mchezaji mwingine yeyote katika mashindano mamoja ya kombe hilo.

Miezi mitatu baadaye, huko Ujerumani Magharibi, Zaire ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Tarehe 14 Juni ilifungwa na Uskoti 2-0, matokeo yasiyokuwa ya aibu. Lakini wachezaji walikwisha kutambua kwamba fedha walizoahidiwa hazingewafikia, nao wakaingia katika mchezo wa pili wakiwa na uchungu moyoni.

Mchezo huo ulichezwa Gelsenkirchen tarehe 18 Juni dhidi ya Yugoslavia. Zaire ilipokuwa imekwisha kufungwa mabao matatu, mlinda mlango Kazadi Mwamba alitolewa, akaingizwa Tubilandu Ndimbi. Mara likaingia bao la nne. Wachezaji wa Zaire walimzunguka mwamuzi, Omar Delgado wa Kolombia, wakidai kwamba wapinzani walikuwa wameotea. Katika vurugu hiyo mwamuzi alipigwa teke kwa nyuma. Aliyempiga ni mlinzi Mwepu Ilunga, mwenye jezi namba 2. Aliyetolewa uwanjani ni Ndaye, mwenye jezi namba 13. Yugoslavia ilishinda 9-0, na mfungaji bora wa Afrika hakucheza tena katika mashindano hayo.

Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alibainisha kuwa yapo maneno ambayo kuyatamka ni kutenda, na akaitaja miongoni mwao kauli ya mwamuzi wa michezo. Ndaye hakuwa na kosa kabla ya kadi. Baada ya kadi alikuwa mkosaji mbele ya sheria ya mchezo. Neno la mwamuzi halikueleza jambo lililotokea, bali lilizaa jambo jipya.

Hukumu ya kipaza sauti

Siku nne baadaye, tarehe 22 Juni, mji ukiwa ni uleule, Zaire ilikutana na Brazili. Karibu na mwisho wa mchezo, Brazili ilipewa mpira wa adhabu. Mwamuzi, Nicolae Rainea wa Rumania, alipopuliza filimbi, mchezaji mmoja wa Zaire alichomoka kutoka katika ukuta, akaupiga mpira mbali kabla Wabrazili hawajaugusa. Alikuwa Mwepu Ilunga, yuleyule aliyenusurika mbele ya Delgado. Safari hii mwamuzi hakukosea: alimwonyesha kadi ya njano, kama sheria inavyotaka.

Aliyekosea mara hii ni mwenye kipaza sauti. John Motson wa BBC aliwaambia wasikilizaji wake kwamba kitendo kile kilikuwa ujinga wa Kiafrika. Tangu hapo picha hiyo imerudiwa mara nyingi katika televisheni za Ulaya kama kichekesho, na maelezo yake yameifuata kama mkia.

Tulipime neno hili. Kwa Kiswahili, ujinga ni kutojua. Si sawa na ukaidi, wala si sawa na hofu. Mwepu alikuwa mchezaji wa TP Mazembe, timu kubwa ya mkoa wa Shaba ambao Kalemie ilikuwa sehemu yake wakati huo, na alikuwa bingwa wa Afrika. Kudai kwamba hakujua sheria ya mpira wa adhabu ni jambo lisiloingia akilini. Mwenyewe, kabla ya kufariki mwaka 2015, alieleza kuwa alifanya makusudi. Mara alisema kwamba hakuona sababu ya kujitesa kwa manufaa ya wakubwa waliokaa jukwaani kungoja fedha. Mara nyingine alisimulia vitisho vya watu wa Rais Mobutu, walioionya timu isifungwe na Brazili zaidi ya mabao matatu. Mchezo ulikwisha 3-0. Maelezo hayo mawili hayafanani, na mwanahistoria hana ulazima wa kuchagua moja. Yote mawili, hata hivyo, yanakanusha ujinga. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na katika mkasa huu aliyekuwa gizani ni mtangazaji.

Hitimisho

Kosa la filimbi limepatiwa dawa. Tangu Kombe la Dunia la mwaka 2018, waamuzi wanasaidiwa na picha za video, na miongoni mwa mambo machache wanayoruhusiwa kuyachunguza ni kadi iliyopewa mchezaji asiyehusika. Yaliyompata Ndaye, aliyefariki mwaka 2019, yangerekebishwa leo kwa dakika chache.

Kosa la kipaza sauti halina chombo kama hicho. Mtangazaji hana mamlaka yoyote ya kisheria: kauli yake hudai tu kueleza, kwa hiyo yaweza kuwa kweli au uongo. Lakini ikisikika na watu wengi, ikarudiwa miaka mingi bila ya kupingwa, hupata nguvu ya hukumu. Rufani yake haikatwi kwingine ila katika mabishano ya mashabiki wenyewe, wanaokumbuka namba ya jezi, jina la mwamuzi na sababu ya uchungu wa wachezaji. Wanafunzi wetu wa isimu na wa historia wana wajibu wa kuyasikiliza mabishano hayo kwa makini na kuyaandika, wazee walioisikia Zaire redioni wangali hai.