Uvimbe na damu kuvilia baada ya upasuaji wa kurekebisha maumbile: Lini ni kawaida, lini ni hatari

WAKAZI wengi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi wasikiapo kuhusu ‘plastic surgery’ hudhani ni anasa ya matajiri wanaotaka kubadilisha pua. Ukweli ni kuwa wengi wanaohitaji upasuaji huu ni watu wa kawaida: mtoto aliyemwagikiwa na maji moto, mwendeshaji bodaboda aliyechubuka ngozi, mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka.

Jina lenyewe halihusiani na plastiki. Linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kufinyanga, na kazi ya daktari ni kuirejesha sura au ngozi iliyoharibika.

Huduma hii ina historia ndefu nchini. Michael Wood, mmoja wa madaktari watatu walioanzisha shirika la AMREF mwaka wa 1957, alikuwa mtaalamu wa fani hii. Wenzake, Archibald McIndoe na Tom Rees, walikuwa wa fani iyo hiyo.

Umuhimu wake ulidhihirika Septemba 12, 2011, petroli ilipolipuka katika kijiji cha Sinai, Mukuru, na kuua takriban watu 100. Ulidhihirika tena Februari 2024, gesi ilipolipuka Embakasi na kujeruhi mamia. Mtu aliyeungua vibaya mara nyingi hupandikizwa ngozi, kisha huruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya kupona kabisa. Ni huko nyumbani ambako uvimbe na weusi wa ngozi huzua hofu.

Chanzo chake

Kisu kinapopita, mishipa midogo ya damu hukatika. Damu huvuja na kutuama chini ya ngozi, na hapo ndipo alama za kuvilia hutokea. Wakati huo huo, mwili hupeleka maji na chembe za kinga kwenye jeraha, ilhali mirija inayoondoa maji hayo nayo imekatwa. Matokeo yake ni uvimbe.

Uvimbe una ratiba yake. Huanza siku ya upasuaji na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha huanza kupungua. Alama za damu kwa kawaida hutoweka baada ya wiki mbili au tatu. Uvimbe uliobaki huchukua wiki kadhaa, na wa pua unaweza kuchukua hata mwaka mmoja kuisha kabisa.

Aidha, damu iliyovilia hushuka. Aliyepasuliwa kope anaweza kuona weusi mashavuni, na aliyepasuliwa tumbo akauona mapajani. Hilo pekee si dalili ya ugonjwa mpya.

Ngozi nyeusi

Maelezo mengi ya kitabibu husema alama hizi huwa nyekundu, kisha kijani na hatimaye manjano. Kwa ngozi nyeusi rangi hizo huenda zisionekane. Alama huwa za zambarau iliyokolea, kahawia au nyeusi tititi. Hivyo basi, anayemuuguza mgonjwa asitegemee macho pekee. Aguse ngozi iliyo kando ya jeraha kwa upande wa nyuma wa mkono uliooshwa ili kupima joto, alinganishe upande mmoja na wa pili, na aulize iwapo maumivu yanazidi au yanapungua.

Utunzaji nyumbani

Mgonjwa aliyepasuliwa uso alale kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu. Aliyepasuliwa mkono au mguu auinue. Wanaoishi orofa za juu katika mitaa kama Kayole, Umoja na Pipeline wapunguze kupanda na kushuka ngazi siku za mwanzo.

Desturi ya kukanda kwa maji moto haifai siku hizo, kwani joto hupanua mishipa na kuongeza uvujaji wa damu. Barafu nayo isiwekwe moja kwa moja kwenye ngozi, na isiwekwe kamwe juu ya ngozi iliyopandikizwa.

Dawa za maumivu zisinunuliwe kiholela. Aspirini, na nyinginezo kama ibuprofeni na daiklofenaki, zaweza kuongeza uvujaji wa damu. Hata hivyo, anayetumia dawa za moyo au za kuzuia damu kuganda asiziache bila idhini ya daktari. Sigara huacha jeraha bila damu ya kutosha.

Bendeji iliyofunika ngozi iliyopandikizwa isifunguliwe nyumbani. Ngozi hiyo hupata lishe kutoka kwa jeraha lililo chini yake. Damu au maji yakikusanyika katikati, au ikisogezwa, hufa.

Dalili za hatari

Mgonjwa arudishwe hospitalini mara moja, hata usiku wa manane, iwapo:

– upande mmoja umevimba ghafla, ukawa mgumu na wenye maumivu makali, hasa katika saa 24 za kwanza;

– uvimbe unazidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua;

– ana homa, au jeraha linatoa usaha au harufu mbaya;

– haoni vizuri baada ya upasuaji wa uso;

– mguu mmoja umevimba na kuuma, anapumua kwa shida au ana maumivu ya kifua.

Dalili hizi za mwisho zaweza kumaanisha damu imeganda mguuni na kusafiri hadi mapafuni, hali inayoua upesi. Kusubiri tarehe ya kliniki hakufai.

Wanaotafuta urembo nao wahadhari. Mwaka wa 2024 mwanamke alifariki baada ya upasuaji wa kuondoa mafuta mwilini jijini Nairobi, na kliniki husika ikafungwa. Kabla ya kulipa hata senti, mtu ahakikishe daktari na kliniki wamesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC. Pia aulize swali moja: uvimbe ukizidi usiku, atampigia nani simu?