Leonard Cheshire: Rubani wa ndege za mabomu aliyegeuka mlezi wa wagonjwa

Usiku wa Februari 8, 1944, ndege za kivita za Uingereza zilifika juu ya mji wa Limoges, Ufaransa. Kazi yao ilikuwa kulipua kiwanda kilichowatengenezea Wajerumani injini za ndege.

Shida ilikuwa moja: ndani kulikuwa na raia wa Ufaransa waliokuwa zamu ya usiku, wengi wao wanawake.

Kamanda wa kikosi, Leonard Cheshire, hakuanza na mabomu. Alishuka chini kabisa na kupita juu ya paa la kiwanda mara tatu ili wafanyakazi washtuke na kukimbia. Walipotoka ndipo akadondosha alama za moto kuwaonyesha wenzake pa kulenga. Kiwanda kikasambaratishwa.

Ni nani huyu?

Cheshire alizaliwa Septemba 7, 1917 katika mji wa Chester, England. Alisomea sheria Oxford, na huko huko chuoni ndiko alikojifunza kurusha ndege.

Novemba 1940, ndege yake ilipigwa ikiwa angani Ujerumani, ubavu ukapasuka na kuacha tundu kubwa. Aliirudisha nyumbani hivyo hivyo, akapewa nishani yake ya kwanza.

Akiwa na miaka 25 tu alipandishwa cheo na kupewa kazi ya kusimamia kambi. Hakuipenda. Aliomba ashushwe cheo ili arudi angani, na mwaka 1943 akakabidhiwa Kikosi cha 617.

Kufikia Julai 1944 alikuwa ametimiza safari 100 za vita. Septemba mwaka huo akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa Uingereza. Kwa kawaida hutolewa kwa tukio moja. Yeye alipewa kwa ujasiri wa miaka minne mfululizo.

Nagasaki, kisha Le Court

Agosti 9, 1945, Cheshire alikuwa ndani ya ndege ya Marekani kama mtazamaji rasmi wa Uingereza, bomu la atomiki lilipoangushwa Nagasaki, Japan. Hakuwahi kulilaani bomu hilo. Aliamini lilisaidia kumaliza vita. Lakini swali la afanye nini na amani iliyopatikana halikumwacha.

Jibu lilikuja 1948. Arthur Dykes, aliyewahi kufanya naye kazi, alikuwa anakufa kwa saratani na hakuwa na pa kwenda. Hospitali haikuwa na la kumfanyia zaidi. Cheshire akamchukua hadi Le Court, nyumba yake kubwa yenye madeni huko Hampshire, akamuuguza mwenyewe mpaka alipofariki Agosti mwaka huo.

Wagonjwa wengine wakafuata. Hivyo ndivyo zilivyoanza nyumba za Cheshire za watu wenye ulemavu, ambazo baadaye zilienea nchi nyingi. Hata hapa Afrika Mashariki zipo: Katalemwa Cheshire Home jijini Kampala inahudumia watoto wenye ulemavu.

Mwaka 1959 alimuoa Sue Ryder, naye akiwa mwanzilishi wa nyumba za kutunza wagonjwa. Walipata watoto wawili.

Cheshire alifariki Julai 31, 1992, akiwa na miaka 74. Ugonjwa uliomuondoa ni ule wa neva unaodhoofisha misuli kidogo kidogo. Mwishoni naye alihitaji kuhudumiwa, kama wale aliowafungulia mlango.